Tanuru la Pili

Wahunzi wa kale wa Ufipa waliyapitisha madini ya chuma motoni mara mbili. Kwanza yaliingia katika ilungu, tanuru la udongo lenye kimo cha mita 3 hivi, lililovuta upepo lenyewe bila mivukuto. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado na taka. Ndipo kilipotiwa katika kintengwe, tanuru dogo lenye mivukuto, kikasafishwa, kisha kikafuliwa kuwa jembe.

Muziki wa kizazi kipya nao ulianzia katika tanuru la pili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Saleh Jabir alighani kwa Kiswahili juu ya mdundo wa "Ice Ice Baby" wa Vanilla Ice. Mdundo huo nao ulikuwa wa kuchukuliwa: besi yake ilitoka katika "Under Pressure", wimbo wa Queen na David Bowie wa mwaka 1981. Baadaye wenyewe wakaandikwa miongoni mwa watunzi.

Basi mwanafunzi wa Sumbawanga anayejifunza kutayarisha muziki kwa kuzitenga sauti za wimbo wa mwenzake na kuzichanganya upya hana kosa. Ndivyo sikio linavyofundwa: besi ishushwe, ngoma ipandishwe, mwimbaji apewe nafasi. Lakini siku atakapotia humo sauti ya bibi wa Kifipa aimbaye akipura ulezi, na wimbo ukaanza kuuzwa, jina la bibi liandikwe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatambua haki ya msanii. Kintengwe husafisha chuma. Hakifuti asili yake.