Siku Tatu za Karlsruhe

Katika kitabu chake cha kemia ogani cha mwaka 1861, August Kekulé alizipanga fomula 19 zilizotumika kuandika kitu kimoja tu: asidi inayoipa siki ukali wake. Chanzo cha vurugu hiyo kilikuwa uzito wa atomi. Wapo walioihesabu kaboni kuwa 6, wengine 12. Oksijeni ilikuwa 8 kwa huyu na 16 kwa yule. Hata maji, wengine waliyaandika HO. Kabla ya kuielewa kazi ya mwenzako wa nchi nyingine, ilikubidi kwanza ujue anafuata hesabu ya nani.

Hata kabla ya mwaka huo, Kekulé na wanakemia wenzake Karl Weltzien na Mfaransa Adolphe Wurtz walikuwa wameona dawa ni kukutana ana kwa ana. Tarehe 3 Septemba 1860 wanakemia wapatao 140 kutoka pande mbalimbali za Ulaya walikusanyika Karlsruhe, Ujerumani, kwa siku tatu. Siku ya mwisho alisimama Stanislao Cannizzaro, Msicilia aliyekuwa akifundisha Genoa, akatetea wazo lililopuuzwa tangu 1811. Mtaliano mwenzake, Amedeo Avogadro, alikuwa amesema kwamba gesi zozote zenye ujazo sawa, katika joto na kanieneo sawa, zina idadi sawa ya molekuli. Ukilikubali hilo, unaweza kupima mvuke na kupata uzito wa molekuli bila kubahatisha.

Mkutano ulifungwa bila azimio la kumlazimisha yeyote. Naona huo ulikuwa uamuzi wa busara, maana ukweli wa atomi haupigiwi kura. Watu wakiwa wanaondoka, mwanakemia Angelo Pavesi aligawa kijitabu cha Cannizzaro chenye hoja hizo. Mwanakemia Lothar Meyer alitia nakala yake mfukoni, akaisoma tena na tena, na mwaka 1864 akatoa kitabu kilichojengwa juu ya hesabu zile. Dmitri Mendeleev naye alikuwepo Karlsruhe. Jedwali lake la elementi, lililopangwa kwa uzito wa atomi, lilitoka 1869.

Uzito ulipokubalika, yakabaki majina. Mwaka 1892 wanakemia 34 walikutana Geneva chini ya Charles Friedel, wakaamua jina la kampaundi lijengwe juu ya mnyororo wake mrefu zaidi wa kaboni. Ndiyo maana mwanafunzi wa sekondari leo anaandika ethanoli na kujua papo hapo kwamba kaboni ni mbili.

Umoja wa kudumu wa wanakemia, IUPAC, uliundwa 1919. Lakini Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimeacha chuki, na Wajerumani, wenyeji wa mkutano wa Karlsruhe, wakafungiwa nje kwa takriban miaka kumi.