Neno lililojificha ndani ya neno

Programu ya grep ilizaliwa 1973 katika maabara za Bell, Marekani. Aliyeiandika ni Ken Thompson, na jina lenyewe ni amri ya kihariri cha zamani kilichoitwa ed, g/re/p, yaani pitia faili yote, tafuta mfano huu, kila mstari unaolingana uchapishe. Haijui lugha yoyote. Inapepeta herufi tu, kama mtu anayechambua mchele kwenye ungo. Naianza nayo kwa sababu miaka hamsini baadaye bado inamfaa Mswahili kuliko programu nyingi zilizoifuata.

Baruapepe za Unix zilikaa kwenye faili moja ndefu, mtindo unaoitwa mbox. Barua za folda nzima zimefuatana, na mpaka wa moja na nyingine ni mstari unaoanza na neno From. (Ndiyo maana kwenye barua za kitambo utaona alama > mbele ya From katikati ya maneno ya mtu. Programu iliogopa kudhani barua mpya imeanza.) Itifaki ya POP ilipoelezwa 1984, wazo lilikuwa la posta kabisa: nenda sandukuni, chukua barua zako, rudi nazo nyumbani. Kenya ilitufaa sana enzi za modemu, laini ya simu ikilipiwa kwa dakika. Unaunganisha, unavuta barua, unakata, unasoma polepole. Kwa hivyo kuna historia ya wakati ule ambayo haiko kwa seva yoyote. Iko kwa diski ya kompyuta iliyofunikwa kitambaa kwa ofisi ya mtu.

Na barua hizi si mchezo. Novemba 1986, kashfa ya Iran-Contra ilipofumuka, Oliver North na John Poindexter walifuta maelfu ya ujumbe kwenye PROFS, mfumo wa barua wa Ikulu ya Marekani. Nakala zilikuwa zimebaki kwenye kanda za akiba, wachunguzi wakazifikia. Mwaka 2003 zikawekwa hadharani baruapepe za kampuni ya Enron, kama nusu milioni. Nani atasoma zote hizo?

Jibu lilikuwa faharasa, na faharasa ni kitu cha kale. Karne ya 13 watawa Wadominiko wa Paris, chini ya Hugo wa Saint-Cher, walipanga maneno ya Biblia na mahali kila neno linapopatikana. Kompyuta inafanya hivyohivyo: inasoma barua zote mara moja, inaandika kila neno liko wapi, halafu ukiuliza inaangalia orodha badala ya barua. Thunderbird 3, Desemba 2009, ilileta utafutaji wa namna hiyo kwa folda zote kwa pamoja.

Sasa hapa ndipo mambo yanaharibika. Faharasa nyingi hukata maneno yabaki shina, na njia maarufu ni ile aliyochapisha Martin Porter 1980 kwa Kiingereza. Inakata mikia. Lakini Kiswahili kinabeba mzigo mbele: nililipa, hawajalipwa, tutakapolipwa. Kwa faharasa hayo ni maneno matatu yasiyojuana. Ukitafuta "lipa", hupati hata moja. Nyota ya "lip*" nayo inasaidia mwanzo wa neno tu.

Nililiona hili nikiandika historia ya kikundi kimoja cha wakulima. Niliyepewa diski alikuwa mimi, na wanachama walikuwa na swali moja: pesa za mavuno fulani zilienda wapi? Kamati ilikuwa imeshatafuta "lipa" na "malipo" na kutangaza kwamba hakuna barua. Grep ikitafuta "lip" inaona kila kitu, takataka pia, maana hata "alipofika" na "klipu" zinaingia. Bora takataka kuliko kimya.

Ila grep peke yake haitoshi. Tangu MIME ya 1992, barua nyingine hufungwa kwa base64, baiti tatu zikigeuzwa herufi nne, na "hawajalipwa" inakuwa mchanganyiko usiosomeka. Lazima ufungue kwanza. Python ina moduli ya mailbox inayosoma mbox. Niliitumia kutoa maandishi ya kila barua kwa faili yake, pamoja na tarehe, ndipo nikatafuta. Anayetaka kasi zaidi, SQLite tangu toleo la 3.34 la Desemba 2020 inaweza kukata maneno vipande vya herufi tatutatu, na hapo "lip" inaonekana popote ilipo. Hiyo ndiyo ningemshauri mtu mwenye folda nyingi.

Barua ilipatikana kwenye folda ya "Mengineyo". Katibu alikuwa ameandika kwamba watu wa upande wa mto hawajalipwa, na kuorodhesha majina yao. Niliichapisha kwa karatasi, kwa sababu mama mmoja kwenye orodha hana kompyuta na alitaka kuishika.