Kambi Isiyokuwa na Geti

Wasee, hapa Meru lori la jeshi likipita kuelekea Isiolo, watoto hupunga mkono. Nilikuwa mmoja wao. Lakini kambi inayoninyima usingizi haikuwa na geti: msitu wa Mlima Kenya. Waruhiu Itote, Jenerali China, alipigana na Wajapani kule Burma akiwa askari wa KAR. Vita vya msituni alivyojifunza kwa Mwingereza, akaja kufunza Mau Mau wampige Mwingereza huyo huyo! Alikamatwa Januari 1954, lakini Wameru na Waembu walibaki humo. Mwariama alitoka Desemba 1963, akasalimiana na Kenyatta. Baimungi alitaka ardhi kwanza. Aliuawa 1965, na risasi zilikuwa za serikali ya Kenya huru. Hapo ndipo mwalimu wetu alifungua ukurasa mwingine.