Mionzi ya Nyutroni: Risasi Haiiwezi, Maji Yanaiweza

Ukiskia mionzi, pengine unawaza eksirei na ile aproni nzito ya madini ya risasi pale hosi. Sasa cheki: kwa nyutroni, hiyo aproni ni kama hujavaa kitu.

Nyutroni ni nini?
Ni chembe inayokaa ndani ya kiini cha atomu. James Chadwick, msee wa Uingereza, ndiye aliigundua 1932. Haina chaji, kwa hivyo umeme wa atomu hauivuti wala hauisukumi. Inapenya tu mpaka igonge kiini chenyewe.

Ikigonga?
Inadunda ama inamezwa.

Kudunda: Chukulia pool. Boli nyeupe ikigonga ukingo wa meza, inarudi na spidi karibu ile ile. Ikigonga boli saizi yake uso kwa uso, inasimama hapo hapo. Kiini cha risasi ndio ukingo, cha haidrojeni ndio boli. Ndio maana maji, plastiki na konkriti huichosha. Ngori ni kwamba mwili wako pia umejaa maji. Haidrojeni ikigongwa hukimbia ndani ya seli ikirarua DNA.

Kumezwa: Boroni na kadimiamu humeza nyutroni zilizochoka. Uraniamu-235 ikimeza hupasuka, inatoa nyutroni zingine 2 ama 3, na mnyororo unaanza.

Ilitokea Tokaimura
Septemba 30, 1999, huko Japani, wafanyakazi watatu walikuwa wanamwaga maji ya uraniamu kwa tangi wakitumia ndoo. Yakazidi kipimo, mnyororo ukaanza. Maji ya kupoza yaliyozunguka tangi yakawa yanarudisha nyutroni ndani, kitu ikaendelea karibu saa 20. Ilibidi maji hayo yatolewe ndio izime, kisha asidi ya boroni ikaongezwa. Wawili kati yao walikufa.

Dozi yao ilipimwaje? Kwa damu. Sodiamu ya mwilini ilikuwa imemeza nyutroni na kugeuka sodiamu-24, ambayo hutoa mionzi yenyewe. Eksirei haikufanyii hivyo.

Kinga basi
Weka maji ama plastiki kwanza, ichoke. Fuatisha boroni, imezwe. Risasi ije mwisho, kwa sababu nyutroni ikimezwa mara nyingi huacha mionzi ya gama. Ukianza na risasi pekee, umejificha nyuma ya wavu.