Mabibo ya Mtwara na Feni ya Goa

Mkorosho si mzaliwa wa Mtwara, wala wa India. Wareno waliutoa kaskazini-mashariki mwa Brazili katika karne ya 16 wakaupanda Goa na Msumbiji, na kutoka Msumbiji ukavuka mto Ruvuma hadi kusini mwa Tanzania. Mchanga wa Mwambo, Msimbati na Kilambo, huku Mtwara, ukaupenda. Wenyeji wa pande zote mbili za bahari wakakutana na jambo lilelile: korosho huvumilia kukaa, lakini bibo, tunda lake, likidondoka leo, kesho limeshaanza kuchachuka. Wakaliacha lichachuke.

Huku kwetu maji ya mabibo yaliyokamuliwa na kuachwa siku moja mbili ndiyo uraka. Ni pombe nyepesi, yenye ukakasi unaokamata ulimi. Uraka ukitiwa kwenye pipa, ukachemshwa na mvuke wake ukapitishwa kwenye mrija uliozamishwa katika maji baridi, hutoka nipa, na nipa haina utani. Wapishi wengi ni wanawake, na fedha yake imesomesha watoto kimyakimya, maana pwani hii ni ya Waislamu na mambo hayo hayatangazwi barazani.

Kwa muda mrefu mikorosho ilikuwa miti ya shambani tu. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga Nachingwea, wakajenga bandari ya kina kirefu Mtwara na reli ya kuelekea bara. Mikindani, ambako dau na jahazi zilitia nanga tangu zamani na Livingstone alianzia safari yake mwaka 1866, ikapoteza cheo chake. Karanga zilikufa mwaka 1951 na reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bandari ikabaki bila mzigo wa maana, ikaokolewa na korosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000, na nyingi zilipakiwa zikiwa ghafi kwenda India. Viwanda vya huko vilizihitaji kwa sababu msimu wetu huanza Oktoba, na wao huvuna kuanzia Machi.

Kisha ukaja mporomoko. Watu walihamishiwa vijiji vya Ujamaa na mashamba yakabaki mbali, bei ikawa haimlipi mkulima, na ugonjwa wa ubwiriunga ukakausha maua. Kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa tani 16,000 na ushei. Salfa, pamoja na kazi ya watafiti wa kituo cha utafiti cha Naliendele, ndiyo iliyoifufua mikorosho. Yaliyofuata, yaani mfumo wa stakabadhi ghalani, vita na walanguzi wa kangomba, na wanajeshi kubeba magunia mwishoni mwa 2018, yamesimuliwa sana, nami sitayarudia.

Kisichosimuliwa ni bibo. Kilo moja ya korosho huja na kilo tano hadi kumi za mabibo. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna korosho tani 313,000 hivi, kwa hiyo kwa hesabu ya chini kabisa mabibo yalizidi tani milioni moja na nusu. Tunda hilo lina vitamini C mara kadhaa ya chungwa. Sehemu kubwa iliozea chini ya miti.

Hapa historia ya Mtwara na ya Goa zinaachana. Mkataba wa Saint-Germain wa 1919 ulizuia watu wa sehemu kubwa ya Afrika kukeneka pombe kali. Goa, chini ya Wareno, feni, yaani pombe kali ya mabibo ya huko, iliendelea kupikwa hadharani. Kisha pande zote mbili zikatoka kwenye ukoloni ndani ya mwezi mmoja, Desemba 1961: Tanganyika tarehe 9, Goa tarehe 19, jeshi la India lilipowaondoa Wareno. Miaka mitano baadaye sisi tulitunga sheria ya moshi, yaani pombe ya kukenekwa, ya 1966, ambayo iliacha mlango wa leseni, ila mpishi wa kijijini hakuwahi kuupita. Goa walichagua kupiga mnada maeneo ya mikorosho na kukusanya ushuru.

Wao pia hawakupata mteremko. Feni ilihesabiwa pombe ya kienyeji, na kuiuza nje ya Goa ilikuwa shida. Mwaka 2009 ikasajiliwa kwa jina la mahali inapotoka, na mwaka 2016 serikali ya Goa ikaitangaza kuwa kinywaji cha urithi. Wakati huohuo dunia ilikuwa imeanza kuzoea chupa za India: wiski ya Amrut ilizinduliwa Glasgow mwaka 2004, nyumbani kwa wiski yenyewe, na mvinyo wa Sula wa Nashik, uliotoka mara ya kwanza mwaka 2000, ukapata wanywaji ng'ambo. Feni ikapita katika njia hiyo hadi baa za wageni wanaotafuta ladha ngeni.

Simpambi mpishi wa nipa. Pombe inayopikwa kwa kujificha haipimwi, na isiyopimwa imewahi kuua watu katika nchi hii. Lakini kujificha huko kumeletwa na katazo, si na tunda. Naliendele wameshaonyesha kwamba bibo hutoa juisi, jamu na mvinyo safi, na Dodoma imekuwa ikiuza mvinyo wa zabibu kwa miongo. Kilichokosekana Mtwara ni kiwanda cha kulipokea bibo siku hiyohiyo linapodondoka, na leseni ambayo kikundi cha akina mama wa kijiji cha Kitaya kingeweza kuimudu.

Halafu kuna suala la jina. Goa ni jimbo moja lenye serikali moja, na feni ni yake. Nipa hunywewa Kilambo, na hunywewa vilevile ng'ambo ya Ruvuma, kwa Wamakonde walewale, jamaa na mashemeji. Atakayetaka kuisajili atalazimika kwanza kuvuka mto na kukaa kikao na Msumbiji.