Akala si za vita vya 1914

Nina mguu mpana. Tukiigiza vita vya Wagiriama hapa Kakuyuni, ndala za ngozi za dukani hunibana vidole, basi naambiwa: "Vaa akala, ndizo za kizamani."

Wadau, hapo tunajidanganya. Akala hukatwa kwa tairi la gari. Mwaka 1914, Waingereza walipolipua Kaya Fungo kwa baruti, magari huku yalikuwa ya kuhesabu. Matairi makuukuu ya kuvisha wapiganaji yangetoka wapi?

Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola walikamatwa Oktoba 1913, wakapelekwa Kisii. Januari 1914 wakatoroka, wakarudi Pwani kwa miguu. Na mguu uliokua bila kiatu hutanuka. Kwa hivyo huu wangu unaochekwa ndio unaofanana na wa wazee wetu.

Mimi naingia uwanjani peku, bora tufagie miiba na vigae vya chupa kwanza. Ukiogopa kuumia, simama juu ya ngozi ya ng'ombe, chora wayo wako vidole vikiwa vimetanuka, kisha ukate hapo. Wewe ungeingia na nini?