Niliita Nyundo ya Jua Kali Takataka. Nilikosea Nusu

Wasee, leo nina deni la kulipa.

Mwezi wa nne niliweka video ya nyundo. Wengi wenu mliiona. Nilikuwa narekebisha banda la kuku la dani hapa kwetu Maseno, kichwa cha nyundo kikachomoka kwenye mpini, kikapita kando ya sikio la ndugu yangu mdogo, kikagonga bati. Ingekuwa inchi mbili upande wa pili, leo ningekuwa naandika mambo mengine. Nyundo yenyewe ilikuwa na siku tatu tu. Nilikuwa nimeinunua kwa fundi wa jua kali kwenye soko moja la hapa karibu. Kwa hasira nikashika simu, nikaonyesha kile kichwa, nikaonyesha hata mahali fundi anakaa, nikasema: "Hii ndiyo shida ya vitu vya hapa. Takataka." Ile video ilitazamwa kuliko kitu chochote nimewahi kuweka.

Wiki mbili baadaye dani akaniuliza swali moja. "Wakati ulikuwa unainunua, uliangalia nini?"

Manze, niliangalia bei. Na rangi. Ilikuwa imepakwa nyekundu safi.

Dani akacheka, akaenda zake shambani. Mimi nikabaki na swali: lini watu wa hapa waliacha kujua chuma kizuri? Maana walikuwa wanajua. Na hii si story ya kusifu mababu tu, ni historia ambayo iko wazi.

Kutoka Maseno ukishika barabara ya Busia unaelekea nchi ya Wasamia, karibu na mpaka wa Uganda. Vilima vya Samia vina mawe yenye chuma ndani. Kabla ya mkoloni, mafundi wa kule walichimba mawe hayo, wakayayeyusha kwa mkaa na mivukuto, wakafua majembe ambayo Waluo na Waluhya wa pande hizi waliyatafuta. Kwa Kiluo jembe ni kwer, na wakati huo kwer haikuwa kifaa cha kulima tu. Ilibadilishwa kwa nafaka na kwa mbuzi, na kati ya Wasamia na majirani zao iliweza kuingia kwenye mahari. Hata kodi ya nyumba ya Waingereza ilipoanza huku, wakati sehemu hii bado ilikuwa chini ya Uganda (ilihamishiwa upande wa Kenya mwaka 1902), mwanzoni watu waliweza kulipa kwa vitu, majembe yakiwemo, kabla serikali haijataka rupia peke yake.

Sasa fikiria hapo kidogo. Kama jembe ni pesa, kila mtu lazima ajue kutofautisha jembe nzuri na mbaya, vile wewe leo unaangalia noti ya elfu moja kwenye mwanga. Mama anayepokea jembe kwa kapu la mtama atalipima kwa mkono, atalibisha na jiwe asikie sauti, atapitisha kidole kwenye makali. Akidanganywa, anajua nani amemdanganya, maana fundi ana jina na ana boma. Na msidhani maisha yalikuwa rahisi. Chuma kilikuwa adimu, jembe lilitumika hadi likabaki kipande, na kile kipande kikarudi kwa mfua chuma. Kwa sababu kilikuwa adimu, watu walikijua.

Halafu tarehe 20 Desemba 1901 reli kutoka Mombasa ikafika Port Florence, ndiyo Kisumu ya leo. Reli ilileta maafisa, ilileta wafanyabiashara wa Kihindi, na baada ya muda ikaleta majembe ya Uingereza. Viwanda vya kule vilikuwa vimeshajua soko la Afrika. Kampuni ya Chillington ya mji wa Wolverhampton, kwa mfano, iliuza majembe yenye chapa ya mamba sehemu nyingi za bara hili.

Tuseme ukweli: majembe hayo hayakushinda kwa ujanja. Chuma kilikuwa cha kiwanda, jembe moja lilifanana na lingine, na yalikuja kwa wingi ambao tanuru la mkaa haliwezi kufikia. Mwanamke anayelima kutwa hakuwa na sababu ya kuyakataa. Kuyeyusha mawe kule Samia kukafifia, na wafua chuma waliobaki wakafua chuma kilichotoka kwingine.

Lakini kuna kitu kilibadilika vichwani mwetu. Kwa jembe la Samia ulimwamini mtu, au uliamini mkono wako mwenyewe. Kwa jembe la dukani uliamini chapa. Ukiona mamba, inatosha. Huhitaji kubisha, huhitaji kuuliza. Watoto wa watoto wako wakikua hivyo, wanasahau kubisha.

Shule nayo ina sehemu yake, na hapa story inarudi nyumbani kabisa. Mwaka 1906 J. J. Willis, mmisionari wa CMS, alianzisha shule hapa Maseno. Mbali na kusoma na kuandika kulikuwa na kazi za mikono. Mwaka 1908 wanafunzi waligoma, mgomo ambao mara nyingi unatajwa kuwa wa kwanza wa shule nchini Kenya. Walilalamika kwamba wanafanyizwa kazi za mikono badala ya kupewa masomo ya vitabuni.

Mimi siwalaumu. Walielewa mapema kwamba mkoloni anataka Mwafrika awe seremala wa nyumba ya mzungu, na kwamba mwenye kalamu ndiye anasikizwa. Walikuwa sawa. Ila bei yake tumeilipa sisi. Kalamu ikawa maendeleo, nyundo ikawa adhabu. Hadi leo ukikosea shuleni unapewa slasha ukakate nyasi. Tutajuaje slasha nzuri kama tunaijua tu kama adhabu?

Uhuru ulikuja 1963, lakini fundi wa pembeni mwa barabara hakuupata siku hiyo. Kwa miaka mingi alihesabiwa kama mtu anayechafua mji, wa kufukuzwa na askari wa baraza. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilitoa ripoti kuhusu ajira Kenya, na ripoti hiyo ndiyo iliyofanya dunia nzima ianze kuzungumza juu ya sekta isiyo rasmi. Ilisema watu hawa wanazalisha, wanafundisha vijana kazi, na serikali iache kuwasumbua. Mwaka 1985 Rais Moi alitembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, waliokuwa wakifanya kazi juani, akaahidi vibanda. Mwaka 1988 ikaundwa wizara ya mafunzo ya ufundi ambayo watu waliiita tu wizara ya jua kali. Jina lililoanza kama kilio cha mtu anayechomwa na jua likaingia serikalini.

Mwaka huo huo wa 1985 ndio 8-4-4 ilianza, na nia yake ilikuwa mikono ya watoto irudi kazini. Mama yangu ni mtoto wa 8-4-4. Anasema walimu waliwaambia kila mtu alete mpini aliouchonga mwenyewe. Na kila mtu akaleta, kwa sababu kila mzazi alienda sokoni akanunua. Mwalimu alijua. Mpini ukapata alama nzuri.

Baadaye, miaka ya 1990, biashara ikafunguliwa na vifaa vya bei ya chini vikamiminika kutoka nje. Leo ukiingia hadiwea yoyote Kisumu unakuta nyundo zinang'aa, zina chapa, zina maandishi. Wengine wanagonga chapa ya mtu mwingine juu ya chuma hafifu. Shirika la viwango, KEBS, lipo kwa sheria ya mwaka 1974, lakini hata alama yake watu wanaiiga. Kwa hivyo ile imani ya chapa tuliyoachiwa tangu enzi za reli imezeeka. Chapa imebaki, uhakika umeondoka. Na sisi bado hatujakumbuka kubisha.

Nikiwa na hayo yote kichwani, nikabeba kile kichwa cha nyundo, nikarudi kwa fundi.

Alinijua mara moja. "Kijana, ni wewe wa video." Msichana wake alikuwa amemuonyesha. Nikasema shikamoo mzee, kwa sauti ndogo sana. Hakunifukuza. Alikuwa ameketi mbele ya kipande cha reli anachotumia kama fuawe, akachukua kichwa, akakigeuza, akaweka kidole kwenye tundu la mpini.

"Kabari ni makosa yangu," akasema. "Niliweka ndogo, ya mbao laini. Hapo umesema kweli. Nyundo haifai kuuzwa hivyo."

Halafu akanitazama. "Lakini ulipokuja nilikuambia mia nne na hamsini. Ukanishusha mpaka mia mbili na hamsini. Uliwahi kuuliza ni nini nimetoa hapo ndani?"

Nilinyamaza. Akanieleza. Ya mia nne na hamsini kichwa chake ni chuma kigumu alichokata kwenye ekseli ya gari, kimepashwa moto na kuzamishwa vizuri, na mpini wake ni mti uliokauka. Ya mia mbili na hamsini ni chuma laini cha vyuma chakavu, mpini mbichi unaonywea ukikauka, halafu rangi nyekundu. Alikuwa nazo zote mbili. Nilipokataa bei ya kwanza, alinipa ya pili.

"Kwa nini hukuniambia, mzee?"

"Ilikuwa saa kumi jioni na sikuwa nimeuza kitu."

Akaongeza kwamba wiki ile baada ya video aliuza majembe mawili tu. Hakusema kwa kulia. Alisema tu kama mtu anayetoa hesabu.

Kwa hivyo nilikosea nusu. Nyundo ilikuwa mbaya, na fundi mwenyewe amekubali. Lakini niliposema "vitu vya hapa ni takataka" nilidanganya, kwa sababu kitu kizuri cha hapa kilikuwa pale pale, hatua moja kutoka mkononi mwangu, na mimi ndiye nilikataa kukilipia. Tunashusha bei mpaka ubora unaanguka, halafu tunashangaa ubora umeenda wapi. Fundi anajifunza kwamba wateja wanataka rangi, anaweka rangi.

Alinifundisha kuangalia, na sasa nawapa nyinyi bure.

Kwanza uliza chuma kimetoka wapi. Springi ya gari ina kaboni ya kutosha, inakuwa ngumu ikipashwa moto na kuzamishwa. Hiyo ni nzuri kwa panga, jembe na tindo. Chuma laini kinapinda, hata ukizamishe mara kumi.

Pili, omba tupa. Ipitishe kidogo kwenye makali. Ikila kama inakula sabuni, chuma ni laini. Ikiteleza kabisa kama kioo, kimekuwa kigumu kupita kiasi na kinaweza kumeguka. Unataka iume kwa shida.

Tatu, ning'iniza kichwa au jembe kwenye kamba na ubishe. Sauti ya kengele ni dalili njema. Sauti iliyokufa, tafuta ufa.

Nne, angalia mpini na tundu lake. Nyuzi za mti zifuate urefu wa mpini, zisikatize. Kwa nyundo, tundu liwe pana kidogo upande wa juu, ili kabari ibane mti usichomoke. Hapo ndipo ndugu yangu karibu aumie.

Tano, muulize fundi: ikivunjika nikurudishie? Hili swali hakuna kiwanda cha mbali kitakujibu. Fundi wa hapa ana mahali, ana uso, na kama ni fundi kweli atasema leta.

Na piga hesabu ya miezi, usipige ya siku. Jembe la bei ya chini unalonunua kila msimu ni ghali kuliko lile linalokaa misimu mitano.

Sisemi mnunue kila kitu jua kali. Futi ya kupimia na bisibisi mimi nanunua za kiwanda, kwa sababu hizo zinataka vipimo ambavyo mashine inaviweza zaidi. Na fundi akikuuzia kitu cha hatari, mwambie, usimhurumie. Ila mwambie yeye kwanza, kabla hujaambia simu.

Ile video sijaifuta. Nimeacha ikae, na hii nimeibandika juu yake ili anayekuja kucheka asome pia upande wa pili. Nilinunua nyundo ya mia nne na hamsini, bila kushusha hata shilingi. Fundi akaniongezea kabari mbili za akiba. Imemaliza banda la kuku na sasa iko kwenye choo cha jirani, na kichwa hakijatikisika.

Ndugu yangu, lakini, akiniona nimeishika bado anaenda kusimama nyuma ya mwembe.

Wewe kwenu kuna kifaa gani cha zamani ambacho bado kinafanya kazi, na nani alikitengeneza? Uliza nyumbani leo, halafu uniambie.